Mbili Yangu ya Kila Jumamosi

Nianze na mkono, maana ubishi wote ulianzia hapo. Mimi ni mfupi. Si ufupi wa kupotea kwenye umati, ni ule wa kuomba mtu akushushie jora la kitambaa kutoka rafu ya juu, na mikono yangu imenifuata. Mikono hii imeshona sare za shule, magauni ya kipaimara na vitenge vya nusu ya akina mama wa Mkuyuni, na hakuna mteja aliyewahi kuniambia, "Fundi, mkono wako mfupi." Siku niliposema nataka kujifunza tromboni, ghafla kila mtu akawa mtaalamu wa mikono.

Tromboni, kwa asiyeijua, ni lile tarumbeta refu lenye bomba la kuvuta. Halina vibonyezo. Unapuliza, na mkono wa kulia unasukuma bomba mbele na kulirudisha, na kila umbali una sauti yake. Vituo viko saba. Cha kwanza kiko karibu na pua, cha saba kiko huko mbele kabisa, ambako hata mtu mrefu anafika kwa kunyoosha bega. Mimi nilikuwa naishia cha sita, tena hicho cha sita chenyewe nikikipata kwa kuomba. Na bomba halina alama hata moja ya kukuonyesha. Lazima mkono ujue wenyewe, na mkono haujui mpaka uzoee.

"Chukua tarumbeta dogo, dada," aliniambia mwalimu siku ya kwanza, kwa upole kabisa. "Lina vibonyezo vitatu tu, na liko hapa hapa mdomoni. Akina dada wengi wanalipenda."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya hii."

"Mkono haufiki."

"Utafika."

Kijana wa watu akatazama chini. Alikuwa mdogo kwangu sana, ndiyo kwanza ametoka kwenye mafunzo ya muziki, na alikuwa na ile heshima ya vijana waliolelewa vizuri, wanaoshindwa kubishana na mtu anayelingana na dada yao mkubwa. Niliitumia heshima hiyo bila haya.

Mtu ataniuliza, ya nini yote hayo? Nilikulia Kisesa. Bibi yangu alipofariki nilikuwa bado mtoto, na bendi ya kanisa ikaja kumsindikiza. Ilipiga vizuri yote, lakini mimi nilisikia sauti moja tu, ile nene iliyokuwa inateleza chini ya nyingine. Watu wazima walikuwa wamejikaza, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa ninyamaze, eti bibi ameishi akashiba umri, si wa kuliliwa ovyo. Nilimpenda bibi yangu kupita kiasi. Tromboni ile ndiyo peke yake iliyolia waziwazi pale makaburini, na mimi niliona imelia kwa niaba yangu. Nikakua, nikaolewa, nikafungua kibanda changu cha ushonaji. Siku kanisa letu la mjini lilipotangaza darasa la bendi kwa yeyote anayetaka, niliacha gauni la mtu kwenye cherehani halijapigwa pindo, nikaenda kuandikisha jina.

Sasa, tromboni ya kanisa ilikuwa moja, ya zamani, imebonyea ubavuni, na wanafunzi wake tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa kaka mmoja mwenye duka la simu, mtu mchangamfu, shati limepigwa pasi hata siku ya mvua. Tulipokezana Jumamosi ukumbini, kisha tromboni inarudi stoo na kufungiwa. Nyumbani uliruhusiwa kwenda na kile kipande cha kupulizia tu, tulichokiita kikombe. Unakipuliza peke yake, bila bomba, ili midomo isisahau kazi.

Kikombe kikipulizwa peke yake kinalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Mume wangu anafanya kazi ya shifti kiwandani Nyakato, na siku nyingi mchana ndiyo usiku wake, kwa hiyo sikuweza kupuliza ndani. Nyumba yetu iko juu kwenye mawe, kama nyumba nyingi za milimani hapa Mwanza. Ukitoka mlango wa jikoni unakanyaga jabali kubwa kuliko nyumba yenyewe, na kutoka pale unaliona ziwa lote mpaka macho yachoke. Hapo ndipo nilipokuwa nakaa kabla ya kwenda kibandani, nikipuliza. Mbuzi wa jirani alikuwa ananijibu. Watoto wakanibatiza Mama Nyuki, na jina likashuka mlimani kabla yangu.

Kwa ajili ya mkono nilichukua mpini wa ufagio. Nilipima umbali wa vituo kwenye tromboni ya kanisa kwa futi yangu ya kushonea, nikaja kuchora mistari kwenye mpini kwa rangi ya kucha, nyekundu. Nikawa nasimama pale juu ya jiwe na kikombe mdomoni na mpini mkononi. Najua nilivyoonekana. Usinikumbushe.

Ndipo ikaja tromboni mpya. Marafiki wa kanisa walioko mbali waliituma, ndani ya sanduku lake jeusi lenye kitambaa laini, inang'aa hadi unaogopa kuigusa. Mwalimu akatangaza kwamba ni sisi wawili tunaojifunza tromboni, na yule atakayefuatilia lengo lake la mazoezi vizuri zaidi mpaka sikukuu ya mavuno ataruhusiwa kuishi nayo nyumbani. Kuishi nayo! Hilo ndilo nililolihitaji. Kwa sababu midomo unaweza kuifundisha kwa kikombe, lakini mkono mfupi hauwezi kufundishwa na ufagio. Bila tromboni ya kushika kila siku, kituo cha saba kwangu kingebaki hadithi, na kila aliyesema haufiki angekuwa amesema kweli.

Akatueleza na namna ya kupima. Alibandika chati kubwa ukutani, majina ya darasa zima yameshuka pembeni. Kila Jumamosi unaweka lengo la wiki. Jumamosi inayofuata unasimama mbele ya wenzako, unajipa alama mwenyewe, moja mpaka tano.

"Sitaki kujua mmepiga vizuri kiasi gani," alisema. "Hilo nitalisikia kwa masikio. Nataka kujua lengo mmelifukuzia kiasi gani. Ulipanga? Ulishikilia? Ulipoanguka, ulirudi?"

Niseme ukweli, nilikipenda kipimo kile. Kilinifaa mtu kama mimi. Mwenye mkono mrefu na mwenye mkono mfupi wote wanaweza kufukuza, na hapo hakuna wa kunicheka. Nikarudi nyumbani nimefurahi kweli, nikamwambia mume wangu, safari hii wamepata mwalimu.

Jumamosi ya kwanza ikafika. Mwalimu akasimama na kalamu yake, akamgeukia wa kwanza.

"Habari za lengo?"

"Nzuri, mwalimu."

"Ngapi?"

"Tano."

Wa pili. Habari za lengo? Nzuri. Ngapi? Tano. Wa tatu hivyo hivyo. Tano zikaja zimepanga foleni. Kaka wa duka la simu akasimama, akaweka sawa mkanda, akasema, "Nzuri sana mwalimu, tano, tunamshukuru Mungu," na watu wakaitika amina.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa liko wapi, na wala sikumlaumu mtu. Huku kwetu ukimkuta mtu nyumba yake imeungua, ukamuuliza habari, atakujibu nzuri, kisha ndipo akuonyeshe majivu. Hatudanganyi. Ndivyo tulivyolelewa, mtu hakurupuki na shida kabla ya salamu. Sasa huyu mwalimu wetu kachukua kipimo chake kizuri, kakiweka ndani ya salamu, tena ndani ya kanisa, tena mbele za watu. Alitegemea aambiwe nini? Kusema mbili pale ilikuwa sawa na kumwambia mwenyeji chakula chake hakina chumvi.

Zamu yangu ikafika. Wiki ile nilikuwa nimejiwekea lengo la kupata kituo cha sita bila kukitafuta, kila asubuhi. Asubuhi za mwanzo nilisimama jiweni. Kisha zikaja sare za shule, mgongo ukagoma, nikalala, na asubuhi moja nilikaa tu nikilikasirikia ziwa. Nilirudi mwisho wa wiki, lakini kwa kujiburuza.

"Habari za lengo, dada?"

"Nzuri."

"Ngapi?"

"Mbili."

Mtu akacheka kidogo, akaacha.

"Mbili?" mwalimu akauliza. "Kwani uliumwa?"

"Sikuumwa. Nilifukuza, nikachoka, nikarudi nikiwa nimechelewa. Ni mbili."

Akaandika. Ile mbili ilikaa kwenye chati kati ya zile tano kama mtu aliyekuja harusini na nguo za shambani. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na mbili tena. Na iliyofuata. Sikuwa najidharau, naomba nieleweke. Mbili yangu ilikuwa na jasho ndani yake. Lakini ilikuwa mbili, na mimi kwa miaka yote nimeishi na futi shingoni. Kiuno cha mtu kikiwa kikubwa siandiki kidogo ili afurahi, maana gauni litakuja kunisuta.

Kumbe habari zinatembea. Siku moja mchana niko nyumbani nakunja nguo, mume wangu amelala, nasikia hodi ya sauti nyingi. Nafungua, nawakuta akina mama wa kanisa, mstari mzima, wamevaa vitenge vyao vya umoja, na mbele yao mama mwenyekiti, mama mtu mzima wa kutoka Magu, mnene, mwenye macho ya huruma. Mmoja amebeba sukari, mwingine mche wa sabuni. Nani amekufa?

"Shikamoo mama. Karibuni. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Tumesikia."

"Mmesikia nini?"

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hiyo mbili."

Mume wangu akatokea chumbani na shuka kiunoni, macho mekundu, akauliza ni nani amefariki. Mama mmoja akamwambia kwa sauti ya chini, "Hapana baba, ni mkeo. Ana mbili." Mume wangu akageuka kunitazama kana kwamba nimeficha ugonjwa ndani ya nyumba.

Nilitaka kucheka na nilitaka kuwafukuza, vyote kwa pamoja. Wakaketi. Wakaniombea, jamani, wakaniombea kwa majina yote ya Mungu, mbili hii ipande, iwe tano, adui aaibike. Walipomaliza mama mwenyekiti akanivuta karibu.

"Mwanangu, ukiulizwa mbele za watu, unaitikia nzuri. Shida unatuletea sisi, pembeni. Ndiyo kazi yetu."

"Mama, sina shida. Nina mbili."

"Na tofauti yake nini?"

Nikaona nisipomwonyesha hatanielewa mpaka kiama. Nikawatoa wote nje, juu ya jiwe, nikaleta kikombe na mpini wa ufagio. Nikapuliza. Mbuzi akajibu. Akina mama wakacheka wakashikana mabega. Nikawaonyesha ile mistari ya rangi ya kucha, hiki cha kwanza, hiki cha pili, mpaka kile cha mwisho ambacho vidole vyangu vilikuwa vinaishia kabla yake, umbali wa kitu kama upana wa kiganja. Mama mwenyekiti aliinama akakitazama.

"Na ukifika hapo itakuwa tano?"

"Nikifika hapo kwa kuamka kila siku, bila kususa, hata tatu nitashukuru."

"Eh," akasema. "Kumbe hii talumbeta yako ni kilimo." Wakashuka mlimani wakipiga soga, na sukari wakaacha. Nilinywa chai ya ile mbili kwa muda mrefu.

Mwalimu naye hakutulia. Alikuja kibandani Mkuyuni, akakataa kiti, akabaki amesimama akipapasa vitambaa ambavyo hakuwa na haja navyo.

"Dada, nakuomba kitu. Jumamosi sema nne."

"Nikiwa na nne nitasema."

"Chati inapigwa picha, inatumwa kwa wale marafiki zetu. Wamenipigia. Wanauliza kwa nini kuna mwanafunzi mmoja hafuatilii."

"Uwaambie huyo ndiye anayefuatilia."

"Wataona sijui kufundisha."

Hapo nilisimamisha cherehani. Nilimwonea huruma, kweli, alikuwa na wasiwasi hadi masikioni. Lakini damu ilinichemka. "Mwalimu, wewe mwenyewe ulituambia hutaki kujua kama tumepiga vizuri, unataka kujua kama tumefukuza. Mimi nimekuamini, peke yangu darasa zima. Sasa unaniadhibu kwa kukuamini?"

"Ukianza kusema tano sasa, bado unaweza kuipata ile tromboni," akasema taratibu. Hakulisema kwa ubaya. Alitaka niipate, nadhani.

Hilo ndilo lililoniuma, maana liliingia. Alipoondoka nilishona mkono wa kushoto wa blauzi mahali pa mkono wa kulia, nikafumua, nikaushona pale pale tena. Tano. Neno moja dogo, na sanduku jeusi linakuja nyumbani. Nani angejua? Mbuzi? Nilijiambia, hata kumi ningesema. Wiki nzima nililifanyia mazoezi lile neno kuliko nilivyofanya kikombe.

Jumamosi nikasimama. Habari za lengo? Nzuri. Ngapi? Nikafungua mdomo, nikamwona kaka wa duka la simu ananikonyeza, kama anayemhimiza mtoto aruke mfereji. Hasira ikanipanda. Ati mimi nirushwe mfereji!

"Mbili," nikasema. "Tena wiki hii ni mbili ya kuombewa, ilitaka kuwa moja."

Sikukuu ya mavuno ikaja, chati ikahesabiwa, na tromboni mpya ikapewa kaka wa duka la simu. Nilipiga makofi. Sikuyapiga kwa shingo upande, niliyapiga kwa nguvu mpaka viganja vikawaka, maana nilijua watu wananitazama. Nilipofika nyumbani nilikwenda juu ya jiwe nikalia kwa hasira, kamasi na yote.

"Si ungesema tano tu, mama," mume wangu akasema kutoka mlangoni.

"Hata wewe?"

Akarudi ndani. Lakini siku mbili tatu baadaye alitoka kazini na vipande viwili vya bomba la plastiki, kimoja kinaingia ndani ya kingine na kuteleza vizuri. Alikuwa ameviomba kwenye mabaki, akavisugua mwenyewe kingo zisinikwaruze. "Ufagio hautelezi," akasema, basi, akaenda kulala. Sikumshukuru vizuri siku ile. Nilijifanya natafuta rangi ya kucha.

Lile bomba ndilo lililonipa akili. Siku moja, mkono umefika mwisho wake na kituo cha saba kiko pale mbele kinanikodolea macho, nikakumbuka kazi yangu. Nguo ikiwa fupi hatumkati mtu miguu, tunaongeza kitambaa. Nikakata mkanda wa mkoba wa zamani, nikaushona kitanzi cha kuingiza vidole viwili, mwisho nikauwekea kifungo cha kufungia kwenye kishikio cha bomba. Sasa ukifika cha sita unaachia kishikio, unabaki umeshika kitanzi, unasukuma, bomba linakwenda. Kurudi ndiyo kazi. Lisipovutwa kwa ustadi linakugonga mdomo, na mimi lilinigonga mara zisizo na idadi. Jumamosi nikakifunga kwenye ile tromboni kuukuu ya kanisa, na kwa mara ya kwanza nikakigusa cha saba. Sauti ilitoka mbaya. Lakini ilitoka.

Kisha akaja yule kaka kibandani. Alileta suruali ya kupunguzwa kiuno ambayo haikuwa na haja ya kupunguzwa, na kwapani amebeba sanduku jeusi. Akaliweka juu ya meza, katikati ya vipande vya vitambaa.

"Dada, hii chukua wewe."

"Kwa nini?"

"Haijatoka kwenye sanduku tangu nipewe." Alikuwa hacheki tena. "Dukani naondoka nimechoka, nyumbani kuna mtoto mchanga. Nilisema tano kwa sababu kila mtu alisema tano. Ikaendelea tu. Sasa kila nikiliona hili sanduku chini ya kitanda najisikia vibaya. Chukua kimya kimya, hakuna atakayejua."

Niliweka mikono miwili juu ya lile sanduku. Nasema mikono miwili, kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Nilikuwa nalitaka, tena sana.

"Sipokei kwa mlango wa nyuma," nikasema. "Kaseme Jumamosi."

"Mbele ya watu?"

"Tano uliisemea wapi?"

Akalibeba akaondoka bila suruali yake. Nilimwangalia mpaka alipokata kona, na miguu yangu yote ilitaka kumkimbilia. Thubutu! Nilijishikilia meza. Nikajitukana kidogo, nikaendelea kushona.

Jumamosi hiyo akina mama walikuwa wamewahi, wamekaa benchi la nyuma wakisubiri ukumbi kwa kwaya yao. Mwalimu akaanza kama kawaida. Tano, tano, tano. Akafika kwa kaka wa duka la simu, ambaye siku hiyo shati lake lilikuwa na makunyanzi.

"Habari za lengo?"

"Nzuri, mwalimu."

"Ngapi?"

Akakohoa. Akaliinua sanduku, akalipeleka mbele na kuliweka mezani. "Moja," akasema. "Na Jumamosi zote zile, mwalimu, ilikuwa moja. Zingine hata hiyo moja hazikufika."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alibaki ameshika kalamu hewani. Nyuma nikamsikia mama mwenyekiti akisema kwa upole wake wote, "Pole baba, tutakuja kukuona," na mimi nikauma ulimi nisiangue kicheko. Kaka wa watu akaketi, na nilimheshimu pale kuliko siku zote, maana mimi mbili niliizoea, yeye alikuwa anashuka kutoka juu.

Ikawa zamu yangu. Mwalimu aliuliza polepole, kama mtu ambaye safari hii anataka kusikia.

"Dada. Habari za lengo?"

"Nzuri."

"Ngapi?"

Nilikuwa nimeamka kila asubuhi. Jiwe, kikombe, bomba la plastiki, kitanzi. Asubuhi moja nilisusa nikarudi kitandani, kisha nikajitoa mwenyewe nikarudi jiweni siku ile ile.

"Tatu," nikasema.

Kikapigwa kigelegele. Kimoja, kirefu, kutoka benchi la nyuma, na niliijua sauti hata kabla sijageuka. Mama mwenyekiti alikuwa amesimama, mkono juu. "Imefika tatu!" Na wote wakainuka, vitenge vinapepea, vigelegele vinagonga bati, kana kwamba nimejifungua. Nilikasirika, nilicheka, machozi yakanitoka na sikuyafuta. Waliniletea sukari kwa ajili ya mbili, walikuwa na haki ya kushangilia tatu.

Vilipotulia, mwalimu akalisukuma lile sanduku upande wangu, na mpiga ngoma mmoja akanung'unika, "Jamani, tatu ndiyo ipewe tromboni? Hapo ukutani mbona kuna watu wana tano?"

Nilikwenda mezani, nikafungua sanduku, nikaitoa ile tromboni mpya, nikatoa kitanzi changu mfukoni na kukifunga kwenye bomba.

"Mwenye tano aje akivute kituo cha saba," nikasema. "Nampisha."

Nikasubiri. Mpiga ngoma akatafuta kitu chini ya kiti chake. Basi nikaiweka mdomoni, nikasukuma, nikaachia kishikio, nikashika kitanzi, na mkono wangu mfupi ukafika. Sauti ilipasuka mwanzoni. Sikuiacha. Ikakaa sawa, nene, ikateleza chini kabisa ya ukumbi, ikalia waziwazi, na nilimwona bibi yangu kama jana. Nilipuliza mpaka pumzi ikaisha.

Mwalimu alitazama chati yake, akanitazama mimi. "Niandike ngapi, dada?"

"Tatu, mwalimu. Nimeshasema."

Akaandika tatu. Nikafunga sanduku, nikalibeba kwa mkono huu huu, nikapanda nalo mlimani.